Picha zinarudi nyeusi na nyuso nyekundu: ninunue monita gani?

Swali, kutoka kwa mpiga picha wa Mwanga, Kigoma: “Mtaalamu, habari za kazi. Napiga harusi, sendofu na pasipoti saizi. Nahariri kwenye laptopu ya inchi 15.6, RAM GB 8, ina tundu moja la HDMI. Kwenye laptopu picha ni nzuri kabisa, lakini zikirudi kutoka kusafishwa ni nyeusi, nyuso za maharusi nyekundu kama wamepakwa mawese, na vitenge vinawaka kupita kiasi. Nina laki sita. Dukani kuna monita iliyopinda ya inchi 27, ya magemu, 165 Hz. Jirani ananiuzia TV ya inchi 32. Na kuna jamaa yuko Dar ana Dell za mtumba za inchi 24. Nichukue ipi?”

Jibu: Chukua ya mtumba, kwa masharti nitakayoyataja. Iliyopinda iache dukani, TV mwachie jirani. Ila usitume hela leo. Ukiichomeka monita yoyote na kuanza kazi bila kugusa mipangilio yake, picha zako zitarudi nyeusi kuliko hizi za sasa, kwa sababu monita nyingi hutoka kiwandani zikiwa na mwanga mkali zaidi ya hiyo laptopu. Kinachokuponza si udogo wa kioo. Unafanya kazi kwenye kioo kinachodanganya, na hujui kinadanganya kwa kiasi gani.

Dalili zako tatu zina vyanzo vitatu tofauti, na ni vizuri kuvitenganisha kabla ya kununua chochote.

Weusi unatokana na mwangaza. Karatasi haiwaki, inarudisha tu mwanga uliopo chumbani. Skrini inawaka. Ukihariri kwenye skrini inayowaka sana, uso wa bibi harusi unaonekana una mwanga wa kutosha, na mara nyingi unaushusha kidogo ili shela isiungue. Mashine ya kusafishia haijui ulichokiona, inajua namba zilizomo kwenye faili. Kwa picha zinazokwenda kwenye karatasi, weupe wa skrini unatakiwa uwe kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba. Laptopu za kawaida zikifunguliwa mwangaza wote hufika 200 hadi 250, na monita mpya nyingi 250 hadi 350. Kutoka 100 kwenda 200 ni stopu moja nzima, yaani mwanga mara mbili, na mpiga picha hahitaji kuelezwa stopu moja inafanya nini kwenye uso wa mtu mweusi ndani ya ukumbi.

Wekundu ni kwa sababu paneli za bei nafuu huegemea bluu. Macho hayalalamiki: baada ya dakika chache yanaizoea ile bluu na kuiita nyeupe. Nyuso zinaonekana zimepoa kidogo, kwa hiyo unaongeza njano na nyekundu hadi zipendeze. Kwenye karatasi ile bluu ya kioo haipo, ila nyekundu uliyoongeza ipo. Hayo ndiyo mawese yako.

Vitenge navyo ni suala la upana wa rangi. Laptopu nyingi za kawaida zina paneli ambayo karatasi ya sifa zake huandika “45% NTSC”. Usidanganywe na jina hilo la zamani; maana yake ni kwamba kioo kinaonyesha kama asilimia 60 tu ya sRGB, ambayo ndiyo nafasi ya rangi inayotumiwa na intaneti, simu na mashine nyingi za kusafishia picha. Chungwa kali la kitenge halimo kabisa kwenye uwezo wa kioo hicho. Unavuta kitufe cha ukolevu, kioo hakibadiliki sana, unavuta tena. Mashine, ambayo uwezo inao, inatii.

Sasa fanya kipimo hiki kwanza, maana hakigharimu kitu na kamera unayo. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera ni chombo halali cha kupimia mwangaza wa skrini, mradi ukitumie hivi. Washa laptopu dakika 30 ipate moto. Fungua picha nyeupe tupu, ijae skrini nzima. Zima taa, funga pazia. Weka kamera kwenye M, ISO 100, ISO ya otomatiki izimwe, apecha f/4. Ile lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera inafika f/4 ukiwa upande wa 18. Kama kuna kichujio cha polaraiza mbele ya lenzi, kivue, kwa sababu mwanga wa skrini za LCD tayari umepolaraiziwa na kichujio hicho kinaweza kuukata karibu wote. Sogea hadi weupe ujaze fremu yote, fokasi iwe nje kabisa, kisha zungusha shata hadi sindano ya kipimo itulie katikati, kwenye sifuri.

Soma shata. Ikitulia kwenye 1/40, skrini yako inatoa takriban kandela 80. Kwenye 1/50 ni 100. Kwenye 1/60 ni 120. Ikiwa 1/125, uko 250. Hesabu yake ni fupi: apecha mara apecha, mara 12.5, gawa kwa muda wa shata ukizidisha na ISO. Kumi na sita mara 12.5 ni 200. 1/50 mara 100 ni 2. 200 gawa kwa 2 ni 100. Namba 12.5 ndiyo Canon na Nikon wanayotumia kwenye vipima mwanga vyao. Lenzi hula mwanga kidogo, kwa hiyo jibu linaweza kupungua kwa asilimia kumi hivi, na hilo halitakuumiza.

Baada ya hapo fanya kinyume: funga shata kwenye 1/50, iache hapo, na ushushe mwangaza wa laptopu taratibu hadi sindano irudi sifuri. Utaona kioo kimefifia, kama kinataka kuzimika. Ni kawaida, kipe robo saa, macho yatazoea. Hariri picha tano za harusi ya wiki iliyopita ukiwa hapo na uzipeleke kusafishwa. Ninatarajia weusi utapungua sana hata kabla hujanunua kitu. Wekundu na vitenge havitaisha, na hapo ndipo monita inapohitajika kweli.

Turudi dukani. Iliyopinda ya magemu ya inchi 27, kwa bei za kundi hilo, mara nyingi ni paneli ya VA (moja ya aina tatu kuu za paneli za LCD, pamoja na IPS na TN) yenye pikseli 1920 kwa 1080. Kuna makosa mawili hapo. La kwanza, pikseli hizo zikitandazwa kwenye inchi 27 zinabaki 82 kwa inchi. Kwenye inchi 24 ni 92. Ukali wa kope na nywele unaouona si ule uliopo kwenye faili, na utaanza kuongeza ukali pasipohitajika. La pili ndilo baya zaidi kwa kazi yako. VA ina weusi mzuri, lakini toni za giza hubadilika kwa pembe: ukiangalia moja kwa moja, suti nyeusi na nywele zinakuwa bonge moja la wino, ukisogeza kichwa pembeni, mikunjo ya suti inajitokeza. Kwa anayehariri ngozi nyeusi siku nzima, kioo ambacho giza lake linategemea umekaaje ni hasara. Zile 165 Hz, yaani kioo kujichora upya mara 165 kwa sekunde, hazina faida yoyote kwenye picha ya mnato.

TV ndiyo rahisi kukataa. TV nyingi za inchi 32 za bei ya chini zina pikseli 1366 kwa 768, yaani 49 kwa inchi. Nyingi pia huongeza ukali zenyewe, hukata kingo za picha, hubana taarifa za rangi, na hubadilisha mwangaza kadiri picha inavyobadilika. Itumie kuwaonyesha wateja picha zao.

Unachokitafuta ni paneli ya IPS, inchi 24, pikseli 1920 kwa 1200 au 1920 kwa 1080, inayofikia asilimia 95 au zaidi ya sRGB. Ile 1920 kwa 1200 ninaipendelea, kwa sababu vile vistari 120 vya ziada vinabeba menyu na picha inabaki nzima. Kuitambua IPS kwa karatasi ya sifa: pembe za kuangalia ziandikwe 178/178 na kontrasti 1000:1. Ikiwa 178/178 lakini kontrasti ni 3000:1, hiyo ni VA. Ikiwa 170/160, ni TN, usiiguse. Kontrasti za mamilioni ni matangazo tu. Na dukani, bila karatasi, fungua picha ya uso kisha chuchumaa uitazame kutoka chini: TN itageuza rangi kama negativu ya filamu.

Usivutiwe na Adobe RGB. Ni nafasi pana ya mwaka 1998, nzuri kwa anayechapisha kwa wino wa kitaalamu, lakini kwako italeta taabu. Kwenye Windows, programu zisizosoma profaili (maelezo ya rangi za kioo au za faili) huonyesha kila kitu kimekolea kupita kiasi kwenye skrini pana, nawe utaanza tena kupunguza na kuongeza kwa kubahatisha. Mashine ya kusafishia inataka sRGB, simu za wateja zinataka sRGB. Maliza hapo. Na 4K, yaani pikseli 3840 kwa 2160? Laptopu ya GB 8 itahema, na kama HDMI yake ni ya toleo la 1.4, itatoa 4K kwa mizunguko 30 tu kwa sekunde, mshale wa mausi uwe unarukaruka.

Kwa mtumba, muulize huyo jamaa namba ya modeli, asikwambie “Dell nzuri” tu. Dell U2415 ndiyo chaguo zuri kati ya zinazozunguka: 1920 kwa 1200, IPS, asilimia 99 ya sRGB, ilipimwa rangi kiwandani, na ina HDMI. U2412M ni ya zamani zaidi, ya 2011. Ni IPS pia na inafaa kwa bei ya chini, lakini haina HDMI. Ina matundu ya VGA, DVI na DisplayPort. Hapa watu wengi huliwa: wananunua kebo yenye HDMI upande mmoja na DisplayPort upande wa pili, wanachomeka, giza. Kebo hizo za kawaida hupeleka ishara kutoka DisplayPort ya kompyuta kwenda HDMI ya monita, si kinyume chake. Kwa U2412M nunua kebo ya HDMI kwenda DVI; hiyo inafanya kazi bila adapta yenye umeme, na 1920 kwa 1200 inapita. VGA usiitumie hata ukipewa bure, maandishi yatakuwa na ukungu.

Epuka U2410 na ndugu zake wa enzi za CCFL, zile taa za mirija zilizowekwa nyuma ya kioo kabla ya LED, hata muuzaji akikuapia kuwa ilikuwa ghali sana. Ni kweli, ilikuwa. Taa hizo huzeeka, mwanga hugeuka njano na hupungua, na ni nzito kubeba. Ukiona kioo kinachukua dakika kadhaa kufikia mwangaza wake, ni CCFL.

Ukitaka mpya, ASUS ProArt PA248QV ni ya daraja unalolihitaji: inchi 24.1, 1920 kwa 1200, asilimia 100 ya sRGB. Ila kwa laki sita usitegemee kupata monita mpya ya daraja hilo pamoja na kifaa cha kupimia rangi, ambacho nitakigusa baadaye. Kwa hiyo mtumba mzuri na akiba mfukoni ni bora kuliko mpya na mfuko mtupu.

Kabla hela haijatoka, mwambie muuzaji awashe monita nusu saa, kisha akurekodie video ya skrini nzima ikiwa nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani, bluu na kijivu. Mtumie wewe mwenyewe picha sita za rangi hizo, pikseli 1920 kwa 1200, asitafute visingizio. Nyeusi, nyekundu, kijani na bluu zinafichua pikseli zilizokufa au kukwama. Moja pembeni vumilia, moja katikati jadili bei, zaidi ya tatu achana nayo. Nyeusi inaonyesha pia mwanga unaovuja kingoni. Weupe kama wa fedha kwenye pembe ni tabia ya IPS na hupungua ukirudi nyuma. Doa la njano lisiloondoka ni paneli iliyobanwa.

Rangi muhimu kuliko zote ni kijivu, namba 128 kwa nyekundu, kijani na bluu. Monita za mtumba nyingi zimetoka maofisini, ambako programu ileile ilikaa wazi miaka. Kwenye kijivu utaona kivuli cha menyu za zamani, mstari juu au chini, hata maandishi. Kijivu kinaonyesha pia kama upande mmoja ni wa waridi na mwingine wa kijani. Hilo halirekebishiki kwa mpangilio wala kifaa chochote, kwa sababu unaporekebisha upande huu unaharibu ule. Video ya simu itaficha tofauti ndogo, kwa hiyo ukiwa na ndugu Dar, mtume akatazame kwa macho yake.

Safari ya kuja Kigoma inazidi kilomita elfu moja, na buti la basi lina magunia. Taka boksi lenye mapovu yake magumu, si blanketi. Monita isafiri imesimama kama inavyosimama mezani, kamwe isilazwe kifudifudi, na stendi ivuliwe. Kati ya kioo na boksi kiwepo kipande bapa cha boksi gumu cha kufunika kioo chote. Mgandamizo wa kona ya sanduku la mtu ukiacha doa, doa hilo ni la milele.

Ikifika, iunganishe na ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kutanua au skrini ya pili peke yake. Usichague kunakili. Kama laptopu yako ni ya pikseli 1366 kwa 768, kunakili kunaweza kuilazimisha monita ifuate ukubwa huo, na wengi huishia kusema monita ni mbovu. Hakikisha kwenye mipangilio ya skrini umesimama kwenye 1920 kwa 1200 kamili.

Kuna mtego mwingine wa HDMI. Kadi ya picha inaweza kuidhania monita kuwa TV na kuipelekea rangi kutoka 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255. Dalili yake ni weusi uliopauka, picha nzima kama ina vumbi. Ukiongeza kontrasti kuificha, picha zitasafishwa zikiwa ngumu kama jiwe. Fungua programu ya kadi yenyewe, iwe Intel, AMD au Nvidia, tafuta masafa ya RGB na uchague kamili. Ili kuhakiki, tengeneza picha nyeusi yenye vibao vya namba 5, 10 na 15, na nyingine nyeupe yenye 245, 250 na 253. Kwenye chumba chenye giza, kibao cha 10 kionekane kwa shida, na cha 250 kitofautiane kidogo na weupe. Vibao vyote vya giza vikimezwa, au vyote viking’aa, kuna mpangilio haujakaa sawa.

Kwenye menyu ya monita yenyewe: irudishe hali ya kiwandani, joto la rangi 6500K, kontrasti iache ilipo, zima kontrasti inayobadilika, zima kuongeza ukali. Kisha kamera, 1/50, f/4, ISO 100, na ushushe mwangaza hadi sindano itulie. Usishangae namba kwenye menyu ikiwa 25 au 30 kati ya 100. Kwenye Windows zima mwanga wa usiku, na kwenye programu ya kadi zima ile hali ya kuokoa betri inayofifisha skrini picha za giza zinapotokea. Photoshop iwe kwenye sRGB, na picha zitoke zikiwa sRGB na profaili ndani yake.

Chumba nacho ni sehemu ya monita. Studio nyingi zimepakwa kijani au waridi ili zivutie, na rangi hiyo inadunda kwenye kioo na machoni. Ukuta ulio nyuma ya monita na ule ulio nyuma yako uwe mweupe uliofifia au kijivu. Kigoma jua linazama ziwani, upande wa Kongo, kwa hiyo dirisha la magharibi litakuharibia kazi kuanzia saa tisa mchana: geuza meza ili dirisha liwe ubavuni, weka pazia zito lisilo jekundu. Kofia ya monita, ya kukinga kioo na mwanga wa chumbani, tengeneza mwenyewe kwa boksi gumu: kipande cha juu sentimita 56 kwa 20, viwili vya pembeni 36 kwa 20, ndani vibandikwe kitambaa cheusi kisichong’aa. Ni kazi ya nusu saa, na inaokoa weusi wa kioo kuliko mpangilio wowote.

Kuhusu kifaa cha kupimia rangi, kama Spyder ya Datacolor au vile vya Calibrite: unakiweka juu ya kioo, programu inaonyesha rangi moja baada ya nyingine, kifaa kinasoma, kisha inaandika profaili inayosahihisha tofauti. Kamera yako inapima mwangaza tu, haiwezi kukupa hilo. Hakitumiki kila siku, mara moja kwa mwezi inatosha, kwa hiyo studio nne au tano za Mwanga na Gungu zinaweza kuchangishana na kununua kimoja. Programu ya bure ya DisplayCAL hufanya kazi na vingi kati ya vifaa hivyo. Usipakue profaili ya U2415 ya mtu mwingine kwenye intaneti. Hiyo ni ya kioo chake, si chako.

Umeme: monita ya inchi 24 hula wati 20 hadi 40 tu, UPS ndogo ya 650 VA inaibeba vizuri. Laptopu ina betri yake. Msimu wa radi usichomoe plagi pekee, chomoa na kebo ya HDMI, maana radi iliyoingilia monita itapita humo hadi kwenye laptopu. Kioo futa kwa kitambaa laini chenye maji kidogo. Spiriti na dawa za vioo vya madirisha huharibu ngozi ya juu ya IPS.

Hatua ya mwisho ni karatasi ya ushahidi. Tengeneza faili moja la inchi 5 kwa 7, pikseli 1500 kwa 2100. Weka nyuso tatu zenye rangi tofauti za ngozi, shela, suti nyeusi, kitenge chenye chungwa, dagaa wa Kibirizi waliotandazwa juani kama unayo picha yao, kwa sababu ile fedha yao ni kijivu kigumu kudanganya, na chini kabisa ngazi ya kijivu ya hatua 11: 0, 25, 51, 77, 102, 128, 153, 179, 204, 230, 255. Peleka unakosafishia siku zote na usisitize mashine isirekebishe rangi yenyewe, kwa sababu nyingi hufanya hivyo bila kuulizwa. Itazame karibu na dirisha, pasipo jua la moja kwa moja, ukiilinganisha na monita. Ikiwa nyeusi kuliko skrini, shusha mwangaza hadi 1/40 ujaribu tena. Ikiwa ngazi ya kijivu ina rangi kwenye karatasi lakini ni safi kwenye skrini, monita usiiguse. Tatizo liko kwa msafishaji, na sasa una kitu cha kumwonyesha. Andika tarehe nyuma yake, itie kwenye bahasha isipauke, na uitoe kila mwezi kulinganisha.